Kuunda Ford ya Kale kwa Mbio za Kasi Kwenye Chumvi ya Bonneville

Wengi wakishapata bodi ya Ford Model A hukimbilia injini. Mimi naiweka karibu na mwisho. Uwanda wa chumvi wa Bonneville, pembeni ya mji wa Wendover jimboni Utah, Marekani, uko kama mita 1,280 juu ya usawa wa bahari. Hewa ni nyepesi, jua la Agosti ni kali, na tairi hazishiki kama kwenye lami. Ukiwa na nguvu nyingi bila mshiko, unazungusha tairi tu.

Hatua ya 1: Sheria kabla ya msumeno

Chama cha SCTA (Southern California Timing Association), kinachoendesha mashindano ya Speed Week hapo Bonneville tangu 1949, hupanga magari kwa aina ya bodi, ukubwa wa injini na mafuta. Yapo madaraja ambayo hayaruhusu kubadili umbo la bodi. Pata kitabu cha sheria cha mwaka huu, chagua daraja, tazama rekodi yake, ndipo ukate bati.

Hatua ya 2: Fremu na kizimba

Fremu ya Model A, ya 1928–1931, ni dhaifu kwa kazi hii. Ziba reli zake kwa bamba ndani, uongeze mihimili ya kukingama. Kizimba cha mabomba, kinachomkinga dereva gari likipinduka, kichomelewe kwenye fremu yenyewe, kamwe si kwenye bati la sakafu. Pima urefu wake dereva akiwa ameketi na helmeti kichwani. Kisha mfunge mikanda yote, mwambie afumbe macho, azime umeme na kufunga mafuta. Akipapasa, hamisha swichi.

Hatua ya 3: Ongeza uzito

Hapa ndipo mafundi wa mbio nyingine hunibishia. Kwenye chumvi, gari jepesi huzungusha tairi na kuyumba. Funga vipande vya madini ya risasi au chuma kwenye fremu kwa bolti nene, na uzito mkubwa uelekee mbele. Mshale huenda moja kwa moja kwa kuwa kichwa chake ni kizito na manyoya yako nyuma. Gari nalo ni hivyo hivyo. Ila usizidishe mbele hadi magurudumu ya nyuma yakakosa mshiko. Pima kila gurudumu kwa mizani, dereva akiwa ndani.

Hatua ya 4: Piga hesabu ya difu

Tairi yenye kipenyo cha mita 0.71 husogea kama mita 2.23 kwa mzunguko mmoja. Injini ikizunguka mara 5,000 kwa dakika na uwiano wa difu ni 3.00 (injini mizunguko mitatu, gurudumu mmoja), utapata kama kilomita 223 kwa saa. Hiyo ni karatasini. Toa asilimia 8 ya kuteleza, unabaki na 205 hivi. Na usidanganyike kwamba gia ndefu (difu ya namba ndogo) peke yake itakuongezea kasi: kutoka kilomita 160 hadi 200 kwa saa, nguvu ya kupasua upepo hukaribia maradufu. Difu ya “quick-change”, ambayo uwiano wake hubadilishwa haraka kwa kubadili gia zake, ina bei, lakini ukiwa na hela ya kifaa kimoja tu, nunua hiyo.

Hatua ya 5: Injini

V8 ya Ford ya valvu za ubavuni ilitoka 1932 ikiwa na lita 3.6 na nguvu farasi 65. Udhaifu wake ni joto, maana njia za moshi zinapita ndani ya bloku. Kwa kuwa mbio ni fupi, wengi huondoa rejeta na kuweka tangi la maji. Pua ya gari nayo huzibwa, upepo usiingie. Kwenye kabureta, weka jeti (vitundu vya kupitisha mafuta) ndogo zaidi kulingana na wepesi wa hewa.

Hatua ya 6: Soma plagi

Mwisho wa mbio, ukiwa bado umekanyaga mafuta, kanyaga klachi na zima injini papo hapo. Acha gari liserereke, usikamate breki kwa nguvu. Fungua plagi kabla hujawasha tena, utazame kwa lenzi chini kabisa ya kauri: weupe mkavu wenye vidoa ni mchanganyiko mwembamba (mafuta machache) au taimingi iliyotangulia mno (cheche inawahi), masizi ni mafuta mengi. Ukiiacha injini ingurume hadi kambini, rangi hiyo haikuambii kitu.

Hatua ya 7: Chumvi

Inaganda ndani ya matao ya magurudumu, ngumu kama saruji. Ibandue kwa kipande cha mbao, kisha osha kwa maji mengi yasiyo na presha kubwa, kwani presha huisukuma ndani ya beringi. Fanya hivyo Wendover, kabla ya kushika barabara. Ukifika gereji, fungua breki na beringi zote, kausha, paka grisi mpya.