Tui la ngapi hili? Namna ya kujua katuni imechoka kabla hujamaliza bando

Nyie wenzetu wa Mombasa mwaenda sinema Nyali, mkikuta muvi mbovu mwatoka mwala aiskrimu yaishe. Sisi huku Amu, yaani Lamu, kuifata hiyo sinema ni boti mpaka Mokowe alafu basi mpaka kiuno kife ganzi, kwa hivo katuni za watoto ni za bando au za flashi, na bando likiisha saa mbili usiku watoto wanne wako mkekani wamekukodolea macho utajua hujui. Juzi kuna mahali nilitiliwa muvi kwa flashi nikaambiwa hii mpya kabisa mjomba, kufungua ni sehemu ya nne ya kitu ambacho sehemu ya tatu ilishanilaza na viatu. Tangu siku hiyo nina utaratibu wangu.

Kwanza elewa sehemu ya pili si dhambi. Watu wakisikia sikweli washasema si kweli (samahani, hiyo imenitoka) lakini aliyewahi kukuna nazi ajua tui jepesi la pili ndilo linaloivisha mchuzi, kasimile, lile tui zito la kwanza, yaja mwisho. Chukua Shrek, ile katuni ya zimwi la kijani. Ya 2001 ndiyo iliyopata Oscar ya kwanza kabisa ya filamu ndefu za katuni, lakini nyumbani kwetu inayoombwa ni ya 2004, na sababu ni rahisi tu: zimwi kaoa, sasa aenda kuonana na wakwe, na mkwe mwenyewe ni mfalme asiyemtaka hata kumuona kiasi cha kukodi paka amuue. Nani hapa hajawahi kukaa kwa wakwe akila kwa adabu huku jasho lamtoka? Hilo ni swali jipya, halikuwepo kwenye ya kwanza.

Kwa hivo kabla hujabonyeza, sema kwa sentensi moja: huyu mhusika safari hii ataka nini ambacho hajakipata bado? Ukikwama, tunza bando lako. Ya 2007 zimwi hataki ufalme, basi, azunguka kutafuta mtu mwengine akae kitini, yaani saa nzima na nusu wamuangalia mtu asiyetaka kitu. Ya 2010 zimwi amechoka na watoto, amechoka na wageni, ataka siku moja tu awe kama zamani na kwa hiyo siku asaini mkataba na tapeli, na mie nikiangalia nilikuwa najiambia hawa wenye muvi wanajisema wenyewe. Lakini angalau hapo kuna mtu anayetaka kitu, ndo maana nairudia hiyo kuliko ya tatu.

Pili, chunga jamaa wanaozuka. Hadithi ikikauka huletwa pacha, baba aliyepotea, mtoto mchanga au harusi. Gru wa wale Minions, kwenye Despicable Me sehemu ya tatu ya 2017, apata pacha wake Dru ambaye tangu 2010 hatujasikia hata chafya yake. Ila usikate hukumu mbio, maana Panda wa kung fu naye apata babake sehemu ya tatu ya 2016, lakini ile ya 2011 ilishatuonyesha mwisho kabisa kwamba mzee yu hai, kwa hivo lile lilikuwa deni na wamelilipa. Pacha wa Gru hakuna aliyekuwa akimdai.

Alafu muangalie yule mchekeshaji wa pembeni. Kwa Ice Age ya 2002 kindi afukuza kokwa yake, aingia dakika mbili avunja watu mbavu atoka, na wenye hadithi wanaendelea na safari. Kufika sehemu ya tano ya 2016 kindi yuko angani na chombo cha kuruka asukuma jiwe lije lipige dunia na muvi yote imesimama juu ya hilo. Pilipili ikishakuwa ndio mchuzi, ondoa sahani.

Treila usiiamini sana. Ikiwa ni densi mwanzo mwisho na hakuna hata mtu mmoja anayeongea, achana nayo.

Lakini kosa langu mie lilikuwa kuhesabu namba. Nilikuwa nasema ikizidi tatu siangalii, na kwa ujinga huo nikaikalia muvi ya yule paka wa Shrek kwa miaka. Alipewa muvi yake, Puss in Boots, 2011, ikawa ya kawaida, kimya, alafu baada ya miaka 11, 2022, karudi na nikasema haya machicha sasa, kuku watakula. Wallahi niliaibika. Paka ana roho tisa na keshatumia nane, na yule jeuri wa siku zote sasa aogopa, kuna mbwa mwitu amfata akipiga mbinja na paka akiisikia ile mbinja nywele zamsimama. Huku mtu mgumu twamwambia ana roho ya paka, hawa wakachukua jambo hilo hilo wakauliza, je zikiisha?

Sasa Shrek ya tano imetangazwa, na watoto wa Amu wataitaka tu kwa ajili ya yule punda wake anayeongea, maana wamezaliwa wakipishana na punda vichochoroni na hakuna hata mmoja aliyewahi kuwajibu. Mie nangoja kwanza. Hawa wenye biashara kwao ni punda afe mzigo ufike.

Kipimo cha mwisho hakina gharama, ila ni cha kesho yake. Asubuhi mwambie mtoto, hebu nihadithie ya jana. Ile ya flashi mpwa wangu alisema, "Walikuwa wanakimbia mjomba, alafu wakaimba," akarudi kwenye mahamri yake. Ya paka alinihadithia kutoka mlangoni mpaka ufukweni pasi na kupumua, na mbinja akaipiga, na tulipofika wanaposhusha samaki akachutama mbele ya paka mmoja mwenye sikio limekatika, akamuuliza, "We umebakisha ngapi?"