Pesa ya utafiti idara ya baiokemia: anza na friza, proposali itakuja

Wadogo zangu mnaoingia masters ya baiokemia hapa Kampala, na nyie mliotoka Goma, Kisumu na Bukoba mkaja kusoma kwetu, hii nawaandikia kwa sababu kila mwaka ukianza napata swali lile lile, "kaka, nina topiki kali sana, fandi nitapata wapi?" Na mimi namjibu mtu kwa swali: friza ya idara yenu leo inasoma digrii ngapi? Anafikiri namtania.

Sitanii. Sisi si kama wenzetu wa sosholojia ambao wakipata nauli na dodoso kazi imeshaanza (wasinikasirikie, najua nao wana yao). Kwetu kila jibu linapitia kwenye kemikali iliyokuja na ndege ndani ya barafu kavu, ikitua Entebbe Ijumaa jioni na karatasi zako za forodha hazijakamilika, Jumatatu unaenda kuchukua maji ya bei kubwa. Ndo maana ushauri wangu uko kinyume na wa darasani: piga bajeti kwanza, halafu swali la utafiti ulikate lienee humo. Ukianza na swali utaandika ndoto ya kurasa arobaini halafu supavaiza atakuuliza "na hii nani analipa?" na hapo ndo unaanza upya mwezi wa nne.

Sasa unaanzaje. Zunguka labu na daftari, ila usimuulize Prof kuna mashine gani, muulize teknishani. Prof atakwambia idara ina HPLC, mashine ya kutenganisha na kupima kemikali, na ni kweli ipo, umeiona mwenyewe, imefunikwa na kitambaa. Teknishani ndiye anayejua kolamu (mrija wake wa kutenganishia) iliziba lini na nani alikuwa wa mwisho kuiwasha. Nenda kwake na soda, nunua na rolex mbili (chapati ya mayai) pale Wandegeya, kaa naye saa moja, andika vitu vitatu: kinachofanya kazi leo, kinachohitaji kipuri, na kilichokufa. Hiyo karatasi ina thamani kuliko makala ishirini ulizodownload. Halafu uliza labu za jirani pia, maana mashine iliyokufa kwenu inaweza kuwa nzima kule Kawanda kwa watu wa NARO, wale wa utafiti wa kilimo, au UVRI Entebbe, wale wa utafiti wa virusi, na ukienda na barua nzuri ya idara wakati mwingine wanakupa siku kadhaa za benchi, wewe ulete kemikali zako tu.

Halafu hesabu. Hapa ndo wengi wanaanguka na mimi nilianguka. Boksi moja la ELISA, kipimo kinachotumia antibodi kupima kitu ndani ya sampuli, lina pleti ya vishimo 96. Mwanafunzi anaona 96, anaandika sampuli 96 boksi moja, anafurahi. Haya kaa tuipange hiyo pleti: standadi 6, zile zenye kiwango kinachojulikana, pamoja na ya sifuri zinakuwa 7, kila moja unaiweka mara mbili, vishimo 14 vimeenda. Kontroli moja ya kuhakiki kipimo, mara mbili, 16. Umebaki na 80, na kila sampuli nayo inataka vishimo viwili, kwa hiyo boksi lako linabeba sampuli 40. Basi. Sampuli 200 ni maboksi 5 kama hutakosea hata siku moja, na utakosea, pleti ya kwanza wote tunaiharibu, andika 6. Mtu anayesoma maombi ya pesa akiona hesabu ya namna hii anajua huyu ameshika pipeti kweli, akiona "vitendanishi, jumla, dola 5,000" anajua umekisia.

Kuhusu topiki, tafuta mahali ambapo sampuli ni rahisi na shida ni kubwa. Mfano ninaoupenda ni ule utafiti wa selimundu (sickle cell) uliotoka 2016. Walitaka kujua watoto wangapi Uganda wana jeni ya ugonjwa huo, wangeweza kuzunguka wilaya zote na sindano, hela ingeisha kabla ya kufika Lira. Badala yake walichukua matone ya damu yaliyokauka kwenye karatasi, ambayo yalishakusanywa kutoka nchi nzima kwa ajili ya kupima watoto wachanga HIV, yako pale labu kuu ya taifa, wakayapima himoglobini. Karibu watoto laki moja! Wakakuta 13.3% wamebeba jeni hiyo. Gharama kubwa ya kukusanya ilikuwa imeshalipwa na kazi nyingine. Kwa hiyo kabla hujapanga safari ya Karamoja jiulize sampuli unayoitaka kama haijalala kwenye friza ya mtu mwingine tayari (na ndio, hata hizo unaziombea kibali, usizichote tu).

Mfano wa pili, sumukuvu. Machi 2021 Kenya ilizuia mahindi yetu na malori yakakwama mpakani, siku zile ndo watu wa kawaida walijua kwamba kuna sumukuvu inaitwa aflatoksini. Kiwango cha Jumuiya ya Afrika Mashariki ni mikrogramu 10 kwa kilo, jumla ya aina zote. Uzuri wake ni kwamba sampuli ziko hapa hapa Kampala, Kisenyi kwenye mashine za kusaga au soko la Owino kwenye magunia ya karanga, unapanda boda unarudi, na kama huna ELISA wala HPLC, kromatografia ya sahani nyembamba (unatenganisha kemikali juu ya sahani) na taa ya UV inaanza kukupa jibu: aflatoksini ya kundi B inang'aa bluu, ya kundi G inang'aa kijani, na hizo herufi zenyewe zimetoka kwenye majina ya rangi kwa Kiingereza. Linganisha na yule anayetaka kupima mwarobaini kwenye panya. Topiki nzuri, sikatai, ila panya wanakula, wanahitaji nyumba, kibali chao ni cha peke yake, na ule mti wenyewe lazima upeleke tawi herbariamu ya Makerere wakutambulie jina na wakupe namba, bila hiyo jarida halikusikilizi hata kama panya wote wamepona.

Vibali nitavipita haraka. Kamati ya idara, kisha kamati ya maadili ya utafiti, kisha usajili UNCST, lile baraza la taifa la sayansi na teknolojia, siku hizi unajaza mtandaoni kwenye mfumo wao wa NRIMS. Kila hatua ina ada, ziweke kwenye bajeti. Sampuli ikitoka nje ya nchi kuna makubaliano ya kuihamisha, usimpe mgeni akaiweka kwenye begi eti ni rafiki yako. Ila jambo moja nikae nalo: fomu ya idhini lazima iwe kwenye lugha ya mtoa sampuli, na hapa sisi Waswahili tunajisahau. Ukienda kwenye makazi ya wakimbizi ya Nakivale au Kyangwali kwa ndugu zetu wa Kongo na Kiswahili cha kitabu, "sampuli ya damu ya venasi mililita tano", mama wa watu anakuangalia tu anatikisa kichwa kwa adabu, hiyo si idhini. Mwambie "mama, tutatoa damu kidogo kwenye mkono, kama kijiko kimoja cha chai, ukikataa hakuna atakayekukasirikia na dawa zako utaendelea kupata." Mpe mtu wa pale pale aisome kwanza kabla hujaipeleka kwa kamati.

Haya, pesa. Kama uko Makerere, mlango wa karibu ni Mak-RIF, mfuko wa utafiti wa serikali ulioanza 2019 na shilingi bilioni 30 kwa mwaka. Anayeomba ni mwalimu, si wewe, kwa hiyo njia yako ni kuwa ndani ya timu yake mapema: wito ukitoka muda ni mfupi, Prof anatafuta mtu wa kumwandikia bajeti na jedwali la muda usiku, na ukiwa wewe ndo mwenye ile karatasi ya teknishani, jina lako linaingia. RUFORUM, umoja wa vyuo vikuu wenye ofisi pale pale Makerere, nao wana granti ambazo mwalimu anapewa akiwa na wanafunzi wa masters ndani, zinaegemea kilimo, na wewe wa sumukuvu au mihogo unaingia vizuri tu. DAAD, shirika la Ujerumani la kubadilishana wanafunzi na wasomi, ina skolashipu za kusoma huku huku ukanda wetu. Wasweden kupitia Sida, shirika lao la misaada, wamelea PhD nyingi sana Makerere tangu 2000. Dada zangu mnaotaka PhD angalieni OWSD, umoja wa wanawake wanasayansi wa nchi zinazoendelea, na mkishamaliza PhD iko TWAS, akademia ya sayansi ya nchi zinazoendelea, wote wako Trieste, Italia. IUBMB, chama cha dunia cha wanabaiokemia, kina pesa ya kumpeleka kijana kwenye labu nyingine kwa miezi michache akafanye kipimo kisichowezekana kwao, ila angalia kwanza orodha ya nchi wanachama kabla hujapoteza wikiendi kujaza fomu.

Pesa ya Marekani ndo iliyokuwa kubwa kuliko zote na tangu 2025 imetikisika vibaya, NIH, taasisi yao ya utafiti wa afya, ilibadilisha utaratibu wa kugawa pesa kwa washirika wa nje na miradi mingi imebaki inaning'inia. Usijenge masters yako yote juu ya mradi wa mtu ambao unangoja barua pepe kutoka ng'ambo. Gawa kazi yako mara mbili, kipande unachoweza kumaliza kwa pesa ya mfukoni na ya shangazi, na kipande kitakachofanyika fandi ikija. Wengi wetu tulimaliza na kile cha kwanza na digrii ni ile ile.

Kwenye bajeti yenyewe usisahau vitu visivyoonekana: makato ya benki, forodha, asilimia ambayo chuo kinakata (kila mfadhili ana kiwango chake, soma masharti), kubadilika kwa dola, mafuta ya jenereta. Na muda. Mimi kemikali ya kutoka nje naihesabia wiki nane mpaka kumi tangu siku ya kuagiza, kwa sababu chuo cha umma kinanunua kwa taratibu za PPDA, wale wa manunuzi ya serikali, kwotesheni, saini, saini tena, na mwenye saini amesafiri.

Turudi kwa friza, maana bado nina kidonda. Mwaka wangu wa pili umeme ulikatika Jumamosi, ukarudi, lakini mtu alikuwa amechomoa friza ya minus 20 achaji simu na hakurudisha plagi. Jumatatu imerudishwa, imeganda vizuri, hakuna aliyesema kitu. Nilifanya PCR, kipimo cha kunakili DNA, wiki tatu bila kupata hata bendi moja (mstari unaoonyesha DNA ipo), nikajilaumu mimi, nikalaumu praima, vile vipande vya DNA vya kuanzishia, kumbe enzaimu ilishakaa siku mbili kwenye joto. Tangu siku hiyo nafanya hivi: gandisha maji kwenye kikombe, weka juu ya barafu sarafu ya mia mbili, ile yenye samaki, acha kikombe ndani ya friza. Ukikuta samaki amezama mpaka chini ndani ya kikombe, friza iliyeyuka ukiwa nyumbani, hata kama sasa kila kitu kinaonekana kigumu. Na enzaimu ikifika siku hiyo hiyo igawe kwenye vichupa vidogo, weka nusu kwenye friza ya jengo lingine, andika tarehe kwa kalamu isiyofutika, si kwenye kifuniko tu maana vifuniko vinabadilishana.

Pesa ikishaingia, risiti. Wakaguzi siku hizi wanataka risiti ya kielektroniki ya EFRIS, ya mamlaka ya mapato URA, ukinunua glavu kwa duka lisilotoa hiyo utalipa mwenyewe. Wa boda hatoi risiti, kwa hiyo tembea na karatasi yenye jina, namba ya simu, kutoka wapi kwenda wapi, kiasi, saini, ajaze pale pale kabla hajawasha pikipiki, ukimtafuta mwezi wa sita kwa ajili ya akauntabiliti hutampata, ameshahamia stendi nyingine.