Nani Unamchagua, na kwa Kazi Gani: Mwongozo wa Serikali ya Mji kwa Waafrika Mashariki Walioko Lincoln, Uingereza

Watu wengi wa kwetu wanaohamia miji midogo ya Uingereza, wawe wauguzi, watunzaji wa wazee, madereva au wanafunzi, huishi huko miaka mitano au zaidi bila kulifahamu jina la diwani wao. Hulipa kodi ya halmashauri kila mwezi, hugombana na mwenye nyumba juu ya ukuta unaoota ukungu, huhangaika kumtafutia mtoto nafasi ya shule, na wakati huo wote huamini kwamba kupiga kura ni jambo la wenye pasipoti ya Uingereza. Kwa Mkenya, Mtanzania, Mganda na Mnyarwanda imani hiyo si ya kweli, na sababu kubwa ya kuandika mwongozo huu ni kuiondoa. Nimeuchukua mji wa Lincoln, mashariki mwa Uingereza, wenye wakazi wapatao 100,000, kwa kuwa mpangilio wake unafanana na wa miji mingine mingi midogo ambako watu wetu wanaishi.

Tuanze na haki yenyewe. Sheria ya uchaguzi ya Uingereza inamruhusu raia wa nchi yoyote ya Jumuiya ya Madola, aliyefikisha miaka 18 na anayeishi nchini humo akiwa na kibali halali, kupiga kura katika uchaguzi wa madiwani na hata wa Bunge. Kibali hicho si lazima kiwe cha ukaazi wa kudumu. Cha mwanafunzi, cha kazi au cha kumfuata mwenzi wa ndoa kinatosha. Kenya, Tanzania na Uganda zimo katika Jumuiya hiyo tangu zilipopata uhuru, na Rwanda ilijiunga mwaka 2009, ingawa haikuwahi kutawaliwa na Waingereza. Hata Mganda aliyepewa hifadhi ya ukimbizi anabaki na haki hii, maadamu bado ni raia wa Uganda. Kwa Mtanzania jambo hili lina uzito wa pekee. Sheria za kwao hazimruhusu mtu mzima kuwa na uraia wa nchi mbili, na wengi huahirisha mambo yote ya siasa za hapa wakidhani kwamba mlango wake ni kuukana uraia wao kwanza. Haki hii amepewa Mtanzania akiwa Mtanzania.

Ndugu zetu wa Burundi, Kongo, Somalia na Sudan Kusini hawamo katika utaratibu huu, kwa kuwa nchi zao si wanachama wa Jumuiya ya Madola, na watasubiri mpaka wapate uraia wa Uingereza. Aliyefika na pasipoti ya nchi ya Umoja wa Ulaya, kama Mkongomani mwenye uraia wa Ubelgiji, huenda akaruhusiwa kuwachagua madiwani ikiwa aliishi Uingereza kihalali tangu kabla ya mwisho wa mwaka 2020 na hajakatiza ukaazi huo. Lakini lieleweke jambo moja: haki ya kumwendea diwani na kumweleza shida haitegemei kura. Diwani ni wa wakazi wote wa kata yake, na kuzungumza naye hakuhesabiwi kuwa ni kupokea msaada wa umma, hata kwa mtu ambaye kibali chake kinamkataza msaada huo.

Sasa viongozi wenyewe. Lincoln ina kata 11, ambazo Wakenya wangeziita wadi, na kila kata ina madiwani watatu, jumla 33. Hawachaguliwi wote siku moja. Mzunguko ni wa miaka minne: katika miaka mitatu theluthi moja ya viti vya mji hupigiwa kura, na mwaka wa nne hubaki kwa ajili ya uchaguzi wa kaunti ya Lincolnshire, ambamo mji huu umo, kama ilivyokuwa Mei 2025. Kwa hiyo karibu kila mwaka kuna kura ya kupigwa, kwa kawaida Alhamisi ya kwanza ya Mei, na asiyefuatilia huzipitisha tatu mfululizo bila kujua. Madiwani hawalipwi mshahara. Hupewa posho, na wengi wana kazi zao nyingine za mchana, jambo la kukumbuka pale barua pepe yako inapochelewa kujibiwa.

Meya ndiye anayewachanganya watu wetu kuliko kiongozi mwingine yeyote. Wadhifa wa meya wa Lincoln ulianza mwaka 1206, mkufu wake ni wa dhahabu, lakini yeye si mtendaji. Madiwani humteua mmoja wao kila mwaka, naye huongoza vikao vya baraza lote na kuuwakilisha mji kwenye sherehe. Mtanzania ataona ufanano na kwao, ambako madiwani pia ndio wanaomchagua meya kutoka miongoni mwao, ila meya wa Arusha au Mwanza ana sauti ya kisiasa ambayo wa Lincoln hana. Mkenya aliyezoea gavana anayechaguliwa na wananchi moja kwa moja tangu 2013 atapotea zaidi. Katika mji wa kwanza nilioishi nilimwandikia meya barua ndefu kuhusu mtaro ulioziba mbele ya nyumba yetu, nikajibiwa kwa adabu kwamba jambo hilo lina ofisi nyingine, na kufikia hapo wiki tatu zilikuwa zimekwisha. Mwenye madaraka ya kisiasa ni kiongozi wa halmashauri, ambaye huchaguliwa na madiwani wenzake, kwa kawaida kutoka chama chenye viti vingi, na ambaye huunda kamati ya utendaji ya madiwani wachache, mmoja akishika nyumba, mwingine mazingira, mwingine fedha. Chini yao wako watumishi walioajiriwa, wakiongozwa na mtendaji mkuu. Huyo hapigiwi kura, wala hateuliwi na Serikali Kuu kama mkurugenzi wa jiji anavyoteuliwa Tanzania. Mwajiri wake ni halmashauri yenyewe.

Hata ukimpata diwani sahihi, unaweza kuwa umebisha hodi kwenye ngazi isiyohusika, kwa sababu Lincoln ina halmashauri mbili juu ya ardhi ileile. Ya mji hushughulikia uzoaji wa taka, nyumba za halmashauri, watu wasio na makazi, vibali vya ujenzi, usafi wa migahawa, leseni za teksi na viwanja vya wazi. Ya kaunti, yenye madiwani 70 kwa Lincolnshire nzima, hushughulikia shule, barabara, maktaba, ulinzi wa watoto na matunzo ya wazee. Shimo la barabarani ni la kaunti; pipa lisilozolewa ni la mji. Anayefanya kazi ya kutunza wazee na kuona jambo lisilo sawa katika huduma inayolipiwa na umma amtafute diwani wa kaunti, kwa maana wa mji hana mamlaka hapo. Kodi ya halmashauri huongeza utata huo. Bili hutumwa na mji, lakini sehemu yake kubwa huenda kaunti na sehemu nyingine kwa polisi, kwa hiyo anayemlaumu diwani wa mji kwa ongezeko lote anamlaumu kwa fedha ambazo nyingi hazigusi. Juu ya ngazi hizo mbili kuna meya wa Greater Lincolnshire, aliyechaguliwa na wananchi kwa mara ya kwanza Mei 2025, ambapo Andrea Jenkyns alishinda. Kazi zake zinahusu usafiri, mafunzo ya ufundi kwa watu wazima na uchumi wa eneo zima. Yeye na meya wa Lincoln wasichanganywe.

Mpangilio huu hautadumu daima. Desemba 2024 Serikali ya Uingereza ilitangaza nia ya kuzifuta ngazi mbili katika maeneo kama haya na kuweka halmashauri moja mahali pake. Kabla ya kila Mei, basi, hakikisha kwenye tovuti ya halmashauri ni kiti gani kinachopigiwa kura katika kata yako.

Kujiandikisha ni kazi ya dakika chache kwenye tovuti ya Serikali, nayo haina malipo. Utaulizwa jina, tarehe ya kuzaliwa, anwani, uraia na namba ya bima ya taifa, ile uliyopewa ulipoanza kazi. Mwisho wa kujiandikisha ni siku 12 za kazi kabla ya uchaguzi. Mwanafunzi anaweza kuandikishwa kwenye anwani ya chuo na ya nyumbani pia, na katika uchaguzi wa madiwani atapiga kura sehemu zote mbili ikiwa ni halmashauri tofauti. Ukiletewa barua ya daftari la wapiga kura usiitupe: kukaa kimya baada ya kutakiwa rasmi kujiandikisha kunaweza kukutoza faini ya pauni 80. Tena kuna faida ambayo wageni wachache wanaifahamu. Kampuni zinazopima historia ya mikopo hutumia daftari hilo kuthibitisha anwani, na mtu asiyemo humo hupata shida zaidi anapoomba mkataba wa simu au mkopo wa nyumba.

Tangu Mei 2023 mpiga kura nchini humu lazima aonyeshe kitambulisho chenye picha. Pasipoti ya Kenya, Tanzania, Uganda au Rwanda inakubaliwa, hata iliyokwisha muda, mradi sura bado inafanana na yako. Leseni ya udereva ya Uingereza inakubaliwa. Kitambulisho cha taifa cha kwetu hakikubaliwi, wala kadi ya chuo, wala kibali cha kidijitali kilichochukua nafasi ya kadi za ukaazi ambazo nyingi ziliishia 31 Desemba 2024. Hapa watu wetu hukwama kwa majina. Mtu hujiandikisha kwa majina mawili anayotumia kazini, huku pasipoti ikiwa na matatu na mpangilio mwingine kabisa. Andika jina kwenye daftari kama lilivyo kwenye pasipoti tangu mwanzo. Asiye na kitambulisho kinachofaa anaweza kuomba cheti maalumu cha mpiga kura bila malipo, nacho huombwa kabla ya saa kumi na moja jioni, siku sita za kazi kabla ya uchaguzi. Vituo hufunguliwa saa moja asubuhi na kufungwa saa nne usiku, saa zinazomtosha anayetoka zamu ya mchana, na anayefanya zamu za saa 12 aombe mapema kupiga kura kwa posta.

Kumfikia diwani ni rahisi kuliko wengi wanavyodhani. Weka msimbo wa posta wa nyumba yako kwenye tovuti ya halmashauri na utapata majina na anwani za barua pepe za madiwani wako. Andika kwa ufupi: unaishi wapi, jambo gani limetokea na lini, umekwisha kuwasiliana na ofisi gani, ulipewa namba gani ya kumbukumbu, na unataka nini kifanyike. Sisi tumelelewa kuanza kwa salamu ndefu na kufika kwenye shida mwishoni. Hapa shida ikae kwenye sentensi ya pili. Diwani hawezi kukupa nyumba wala kumwamuru mtumishi, lakini swali lake ofisini hujibiwa kwa haraka kuliko lako, na hilo peke yake limefungua mafaili mengi yaliyolala. Kuna mpaka mmoja wa kuheshimu. Jumuiya inayotaka kugeuza duka kuwa kanisa, msikiti au ukumbi wa sherehe huhitaji kibali cha matumizi mapya ya jengo, na diwani aliye kwenye kamati inayotoa vibali hivyo hawezi kuahidi kura yake kabla ya kikao. Usimshinikize. Mwendee diwani mwingine wa kata yako asiyekuwa kwenye kamati hiyo, ambaye anaweza kusimama na kuwasemea.

Vikao ni vya wazi kisheria, na ajenda hutangazwa siku tano za kazi kabla. Baraza lote la Lincoln hukutana Guildhall, ukumbi wa mji ulio juu ya lango la kale liitwalo Stonebow katikati ya mji, na kabla ya kikao hugongwa kengele iliyotengenezwa mwaka 1371 kuwaita madiwani. Mtu wa pwani ataielewa mara moja: mbiu ya mgambo ikilia kuna jambo. Kikao cha kuhudhuria, kama utapata nafasi ya kimoja tu kwa mwaka, ni cha bajeti, ambacho hufanyika kabla ya 11 Machi, kwa kuwa hapo ndipo kiwango cha kodi huamuliwa.

Kwa wale wanaofikiria kugombea, masharti ni magumu kidogo kuliko ya kupiga kura. Raia wa Jumuiya ya Madola lazima awe na ukaazi wa kudumu au asiwe anahitaji kibali kabisa. Kibali cha kazi au cha masomo hakitoshi. Awe na uhusiano na mji, kwa mfano kuwa kwenye daftari lake au kuishi ama kufanya kazi humo miezi 12 mfululizo. Mwajiriwa wa halmashauri hawezi kuwa diwani wa halmashauri hiyohiyo, lakini muuguzi wa hospitali ya umma hazuiwi, maana mwajiri wake ni mwingine. Tofauti na uchaguzi wa Bunge, hakuna dhamana ya fedha. Fomu huhitaji saini za wapiga kura wawili wa kata hiyo, mpendekezaji na wa kumuunga mkono, na hurudishwa ofisini kwa mkono, kwa hiyo mwenye zamu ndefu apange siku ya mapumziko kabla dirisha la kurudisha fomu, ambalo hufungwa mwanzoni mwa Aprili, halijapita.