Kusoma ngazi ya sukari za Salmonella kwenye jeli

Sukari za utando wa nje wa bakteria Salmonella hujengwa mahali pawili. Kiini (sukari za Kdo, heptosi, glukosi, galaktosi) hupangwa juu ya lipidi A, mafuta yanayokishikiza kwenye utando; mnyororo wa O hutengenezwa pembeni, pingili kwa pingili kama muwa, kisha kimeng'enya WaaL huuunga kwenye kiini. Jeli moja yatosha kuonyesha ujenzi umekwama wapi.

Kuza bakteria hadi OD600 (kipimo cha ukungu wa seli kwa mwanga) ya 0.6, sampuli zote sawasawa, la sivyo utalinganisha wingi wa seli badala ya sukari. Zungusha mililita 1.5 kwenye sentrifuji, mwaga maji. Vuruga mashapo katika mikrolita 50 za bafa (sabuni ya SDS 2%, merkaptoethanoli 4%, gliseroli 10%, Tris 1 M pH 6.8, rangi ya bromofenoli kidogo). Chemsha 100°C dakika 10. Acha ipoe kwanza, ndipo utie mikrogramu 25 za proteinazi K, kimeng'enya kinachokata protini. Ukiitia ingali inachemka, inakufa, na protini zitabaki kuziba ngazi ya mistari ya sukari. Weka 60°C saa nzima.

Tembeza sampuli kwa umeme kwenye jeli ya poliakrilamaidi ya 15%. Rangi ya Coomassie haifai, inashika protini tu. Loweka jeli usiku kucha katika ethanoli 40% na asidi ya asetiki 5%, kisha dakika 5 katika mchanganyiko huohuo wenye asidi ya periodiki 0.7%: hii hupasua pete za sukari ili madini ya fedha, yatakayotia rangi, yapate pa kushika. Osha mara tatu, dakika 15 kila mara. Hapa ndipo wengi huharakisha, wakaishia na jeli ya kahawia tupu.

Mchanganyiko wa fedha: NaOH 0.1 M mililita 28, amonia kali mililita 2, nitrati ya fedha 20% mililita 5, maji mililita 115. Dakika 10, osha. Usiihifadhi kamwe, ikikauka inaweza kulipuka. Kuamsha rangi, kwa lita moja ya maji tia asidi ya sitriki miligramu 50 na formaldehaidi 37% mililita 0.5. Mistari ikikolea, simamisha kwa asidi ya asetiki.

Salmonella mzima huonyesha ngazi. Kila kipandio ni pingili moja zaidi. Kipandio kimoja tu juu ya kiini: Wzy, kimeng'enya cha kurefusha mnyororo, haiungi pingili. Kiini peke yake, kimo chake cha kawaida: hakuna mnyororo, au WaaL imeharibika. Kiini kilichoshuka chini: chenyewe hakikukamilika, kama kwa bakteria mwenye jeni galE iliyoharibika, asiyepewa galaktosi. Mpe galaktosi pamoja na glukosi, ngazi inarudi. Galaktosi ikizidi, seli zinapasuka.