Mtoto Akionewa Shuleni Ughaibuni: Kabla Hujamwambia "Nawe Mpige"

Agosti, kusi ikivuma, nilikuwa Lamu kwa mama, mtaa wa Langoni. Dada yangu naye alikuwa amekuja kutoka Uingereza na mwanawe wa miaka 11. Siku ya tatu mtoto alikaa uani na bibi yake, bibi yuko juu ya mbuzi anakuna nazi. Bila kuulizwa akasema: "Bibi, mimi shuleni hula chooni."

Bibi akaacha kukuna. Mambo yakatoka moja moja. Wenziwe humwita nyani. Akifungua chakula chake huziba pua. Wamemtoa kwenye kundi la WhatsApp la darasa, na meza anayokaa wengine huihama. Miezi saba, na mama yake hajui.

Kilichofuata kila nyumba ya pwani inakijua. Mjomba akasema, "Nawe mpige mmoja, uone kama watakurudia." Bibi akasema, "Kazungumzeni na mamake huyo mtoto." Kwa Lamu yote mawili yana akili. Mchokozi ana mama, mama ana jirani, jirani anajuana na mwalimu wa chuo, yaani madrasa, na haifiki magharibi maneno yamekwisha. Huko tunakoishi, dada Uingereza na mimi Norwe, ushauri wote huo unaweza kukugeukia.

Kumpiga kwanza. England mtoto wa miaka 10 anaweza kushtakiwa kwa kosa la jinai (Norwe ni 15). Mwalimu mkuu anaweza kumsimamisha masomo hadi siku 45 katika mwaka mmoja wa shule. Kubwa zaidi ni hili: matusi ya miezi saba hayakuandikwa popote, lakini ngumi moja itaandikwa siku hiyo hiyo. Faili la kwanza la uonevu huo litafunguliwa kwa jina la mwanao.

Ama kubisha mlango wa mzazi mwenzio, wewe umekwenda kusuluhisha, yeye anaona umekuja kumtisha. Pitia shuleni.

Tuliosoma bweni Kenya tunaujua uonevu wa ngazi. Mono wa kidato cha kwanza anachota maji ya kuoga ya mkubwa, anafua soksi zisizo zake, anasimamishwa juu ya sanduku lake la bati aimbe usiku. Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 inakataza kumuumiza mwanafunzi mwili au akili, lakini tuliolala mabweni hayo tunajua yaliyokuwa yakitendeka. Ule ulikuwa wa wengi, ukionekana, na mwaka ukiisha unapanda ngazi. Uonevu wa ughaibuni humchagua mmoja, hutoka kwa rika lake mwenyewe, na mara nyingi hauna mkono ndani yake. Ni kususiwa tu. Japani, ambako huitwa ijime, darasa zima linaweza kumgeuka mwenzao mmoja. Nchi hiyo ilitunga sheria maalumu mwaka 2013.

Ndiyo maana sisi wazazi hatuuoni. Binti yangu aliponiambia, huko Norwe, "Hawachezi na mimi," nilimjibu, "Ndiyo hayo tu?" Nilikuwa nampimia kwa bweni langu. Kumbe kwa sheria ya Norwe kutengwa ni jambo zito, na kinachoangaliwa ni vile mtoto mwenyewe anavyojisikia shuleni. Huhitaji shahidi. Shule inatakiwa iandike mpango wa hatua ndani ya siku tano za kazi. Ukishamweleza mkuu wa shule na wiki ikapita bila wewe kuridhika, unaweza kupeleka kesi kwa Statsforvalter, ofisi ya serikali ya mkoa.

England sheria ya 2006 inaitaka shule ya serikali iwe na hatua za kuzuia uonevu. Isome sera ya shule yako kwenye tovuti yao, kisha uwashike kwa maneno yao wenyewe. Tusi la rangi au kuvutwa hijabu lina uzito wa ziada, kwa sababu rangi na dini vinalindwa na Sheria ya Usawa ya 2010. Mtoto anaweza kupiga mwenyewe 0800 1111, simu ya Childline ya kusaidia watoto, bila malipo. Ufaransa namba ya msaada ni 3018, na tangu 2022 uonevu wa shuleni ni kosa la jinai. Marekani kila jimbo lina sheria yake, basi anza na ya kwenu.

Popote ulipo, andika. Kwenda kwa miguu na kuzungumza ni uungwana wetu, lakini la mdomo hupotea. Na usijaze nusu ukurasa salamu, sisi watu wa Lamu tunajijua. Barua ya dada yangu ilikuwa hivi: "Tarehe 9, wakati wa chakula cha mchana, watoto watatu wa darasa lake walimwita nyani. Alimwambia mwalimu wa zamu. Si mara ya kwanza. Naomba mniandikie mtafanya nini, na lini." Hakuandika "mwanangu anateseka sana." Tarehe, mahali, maneno yaliyosemwa, ombi. Picha za simu zihifadhi kabla hazijafutwa.

Kuna upande ambao hatupendi kuutaja: siku nyingine barua italetwa kwako. Utani wetu, wa kumwita mtu kipara au mnene huku tunacheka, huko unaweza kuandikwa kuwa ni unyanyasaji. Mfundishe mtoto mapema kwamba utani una watani wake.

Na usimfanye mtoto mkalimani wa kesi yake mwenyewe. Dada yangu alifanya kosa hilo. Mwaka wa shule uliopita mwalimu aliuliza kama kuna watoto wanaomsumbua. Mtoto akamgeukia mama: "Anauliza kama naipenda shule." Mama akatabasamu, akajibu ndiyo, sana. Mtoto akamtafsiria mwalimu: hakuna. Wote watatu wakaagana vizuri. Alikuwa anamhurumia mamake, anayefanya kazi za usiku. Omba mkalimani kwa maandishi mapema. Shule ikikosa, nenda na mtu mzima unayemwamini, anayejua kufunga mdomo akitoka pale.

Septemba dada alikwenda shuleni na mama mmoja kutoka Mombasa. Mtoto alibaki nje kwenye benchi, na kopo la kaimati alizofungiwa na bibi.