SOMO: Picha moja kila siku, na jinsi ya kuifanya idumu

Swali la "nilianza vizuri, wiki ya pili nikaacha, nifanyeje?" linarudi kila mwezi. Nimeweka kila kitu hapa. Someni mpaka mwisho kabla ya kuuliza.

1. Kifaa ni kile unachobeba kila siku. Simu inatosha. Futa lenzi kwanza: mafuta ya vidole ndiyo yanayoleta ukungu kuzunguka taa.

2. Funga picha kwenye jambo unalolifanya tayari: kungoja matatu, chai ya saa nne, kufunga duka. "Nikipata nafasi" haifiki Ijumaa. Nairobi jua huchomoza kati ya saa 12:10 na 12:45 asubuhi mwaka mzima, kisha hupanda karibu wima, kwa hiyo mwanga laini wa asubuhi hauna subira. Juni hadi Agosti mawingu hulainisha mwanga kutwa, msiilaumu baridi.

3. Mada moja kwa wiki: mikono kazini, ngazi, vivuli, rangi nyekundu. Bila mada utarudia machweo yaleyale.

4. Fremu tano hadi kumi za kitu kimoja, basi. Sogea, inama, zunguka. Usikuze kwa vidole.

5. Mwanga. Kamera hudhani kila inachokiangalia ni kijivu cha wastani. Uso mweusi ukijaza fremu, itaupausha: punguza mwanga kwa 0.3 hadi 0.7 kwenye kipimo cha kamera (EV). Uso huohuo mbele ya anga jeupe utageuka kivuli: ongeza 1, au mwombe mtu aingie barazani. Kwenye simu, shikilia kidole usoni hadi mwanga ufungike, kisha telezesha juu au chini.

6. Chagua na uhifadhi SIKU ILEILE. Hapa ndipo zoea hufia, wala si kwenye kupiga. Picha za siku tatu zisipochaguliwa huwa rundo, na rundo humfanya mtu aogope hata kufungua simu. Kila usiku chagua moja tu, iweke kwenye albamu yake, na uipe jina linaloanza na mwaka, mwezi, siku (2025-03-14) ili zijipange zenyewe. Halafu nakala mbili nje ya simu: moja mtandaoni, moja kwenye diski au kompyuta. Picha ya simu ya megapikseli 12 huwa na MB 3 hadi 5, kwa hiyo mwaka mzima haufiki GB 2. GB 15 za bure za Google zinatosha kama hujazijaza na barua pepe.
ONYO: usihamishe kwa WhatsApp kama picha ya kawaida, huifinya, itume kama dokumenti. Usifute kwenye kadi ya kumbukumbu kabla ya kufungua nakala zote mbili na kuziona kwa macho. Usichomoe kadi wakati taa ya kamera inawaka, faili huharibika. Na kumbuka kwamba programu inayosawazisha simu na mtandao si nakala salama: ukifuta huku, hufutika na kule.

MASWALI

Swali: Mkuu, ninunue kamera gani?
Jibu: Hatua ya 1.

Swali: Nimekosa siku nne. Nianze upya?
Jibu: Hapana. Endelea leo. Usipige picha nne leo kuziba pengo, utazichukia zote. Acha tarehe hizo wazi.

Swali: Picha zangu zimepoteza ubora nikizituma kwa kompyuta. Tatizo la simu?
Jibu: Ulizituma kwa njia gani? Kama ni WhatsApp, onyo limeandikwa hapo juu kwa herufi kubwa.

Swali: Mwalimu, ndani ya matatu usiku napata mistari myeusi inayokata picha. Video haina shida sana. Ni lenzi?
Jibu: Swali zuri sana, dada. Si lenzi. Taa nyingi za matatu huwaka na kuzima haraka kuliko jicho linavyoona, na shata (kinachoamua kamera ipokee mwanga kwa muda gani) ya elektroniki husoma picha mstari kwa mstari, hivyo mistari mingine husomwa taa ikiwa imezima. Punguza kasi ya shata: 1/50 ya sekunde, au hata 1/30 ukiwa umeegemea kiti. Kwa taa za nyumbani ni rahisi zaidi kwa sababu stima yetu ni hezi 50 (mizunguko 50 kwa sekunde): tumia 1/50 au 1/100. Video yako huenda tayari iko karibu na 1/50. Kama kamera ina shata ya mitambo, itumie.

Nyongeza kutoka kwa mwanachama: Ukipiga kupitia dirisha la matatu, bandika lenzi kwenye kioo na uzime flashi. Gari likiwa mwendoni, 1/500 au zaidi. Foleni ikisimama, funga dirisha kwanza, simu hunyakuliwa.

Swali: Naruhusiwa kupiga picha watu tao (mjini) bila kuwauliza?
Jibu: Kwa picha ya karibu, uliza, sekunde tano tu, na mama mboga aliyekubali hukupa uso mzuri kuliko aliyeshtuliwa. Mtoto, muulize mzazi. Ndani ya maduka makubwa ni mali ya watu, mlinzi akikataa ondoka. Ikulu na kambi za jeshi usielekeze kamera kabisa.

Swali: Na mvua ikinyesha?
Jibu: Mfuko wa plastiki angavu na mpira wa kufungia, lenzi ikichungulia nje. Ukiingia ndani, acha kamera kwenye mkoba dakika ishirini hivi kabla ya kuitoa, ukungu usishike kioo. Kisha geukia madimbwi, hasa usiku ambapo taa za maduka zinajirudia chini; pima mwanga kwenye taa, usipime kwenye lami.