Mambo ya kuzingatia kabla ya kupima G6PD

G6PD ni kimeng'enya cha ndani ya chembe nyekundu za damu. Huigeuza kemikali iitwayo NADP kuwa NADPH, na kwa kuwa NADPH hufyonza mwanga wa nanomita 340, spektrofotomita, mashine ya kupima mwanga unaofyonzwa, huonyesha usomaji unaopanda dakika hadi dakika. Kasi hiyo ndiyo majibu. Kimeng'enya kikiwa kidogo, dawa ya malaria kama primakwini inaweza kuzipasua chembe hizo, na huku Kanda ya Ziwa malaria tunaishi nayo.

Kabla ya kuchoma sindano, muulize mgonjwa: umeongezewa damu karibuni? Ulikojoa mkojo mweusi? Maswali haya nayasisitiza kuliko mashine yoyote. Mwenye upungufu akipasukiwa na chembe, zinazotangulia kufa ni kongwe, ambazo kimeng'enya chake kimeshachoka. Zinazobaki ni changa, zenye kimeng'enya kingi, hivyo majibu hutoka mazuri naye akaruhusiwa dawa itakayomdhuru. Iandike hali hiyo kwenye fomu, na apimwe tena baada ya miezi 3 hivi.

Damu iingie kwenye chupa ya EDTA (kemikali ya kuzuia damu isigande), ile ya kifuniko cha zambarau. Ipindue taratibu mara kadhaa, usiitikise. Sampuli inayovuka ziwa kwa meli kutoka Nansio, kisiwani Ukerewe, inahitaji nyuzi 2 hadi 8. Barafu kwa wauza samaki haikosekani. Hatari ni chupa kulala juu ya barafu yenyewe. Damu ikigeuka barafu chembe zote hupasuka, na huwezi tena kuziosha wala kuondoa chembe nyeupe, ambazo nazo zina G6PD nyingi na hupandisha majibu, hasa kwa mgonjwa aliyepungukiwa damu. Izungushie karatasi nene kwanza.

Maabarani, chagua nyuzi 30 au 37 na usihame hapo. Hemoglobini ipimwe kutoka chupa ileile, maana majibu huandikwa kwa kila gramu yake. NADP iyeyushwe siku ya kazi. Andaa pia sampuli mbili za kulinganishia, moja ya kawaida na moja yenye upungufu. Bila ya pili hutajua kama kipimo chako kinauona upungufu.

Taa ya mashine ipate muda wa kutulia. Umeme ukikatika katikati ya usomaji, usiunganishe vipande: mwaga, anza na mchanganyiko mpya.